Ely Culbertson: Mcheza karata aliyefundisha kuaminiana kwa maneno kumi na tano

Usiku wa tarehe 7 Disemba 1931, watu wanne waliketi kuizunguka meza moja katika hoteli ya Chatham jijini New York. Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi na mamilioni ya watu walikuwa hawana kazi. Hata hivyo, kwa muda wa mwezi mzima magazeti ya nchi hiyo yalitenga nafasi katika kurasa zake za mbele kwa ajili ya mchezo wa karata.

Kiini cha pambano hilo kilikuwa mtu mmoja, Ely Culbertson, ambaye miaka kumi kabla yake alikuwa akiishi New York kwa kutegemea karata tu. Aliyeketi mbele yake kama mwenza alikuwa Josephine, mkewe. Kilichowekwa mezani hakikuwa fedha peke yake. Lililoshindaniwa ni swali la nani atawafundisha mamilioni ya wachezaji namna ya kuzungumza wanapocheza briji.

Mtoto wa nchi mbili

Culbertson alizaliwa tarehe 22 Julai 1891 katika kijiji cha Poiana Vărbilău nchini Romania. Baba yake, Almon, alikuwa Mmarekani, mhandisi wa madini aliyefuata mafuta mpaka katika milima ya Kaukazi. Mama yake alikuwa Mrusi. Mtoto alikua akihama kutoka lugha moja hadi nyingine, na alisoma kwa vipindi vifupi Ulaya na Marekani bila kutulia popote.

Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yaliufagia utajiri wa familia hiyo. Kijana aliyelelewa kwa starehe alijikuta akitafuta riziki katika vilabu vya karata, kwanza Paris na baadaye New York. Kumbukumbu zake, alizozichapisha mwaka 1940, zimejaa visa vya mapinduzi, magereza na mapenzi, na walioandika maisha yake wamezipokea kwa tahadhari. Lakini mambo yaliyofuata yana mashahidi wengi.

Mwaka 1923 alimwoa Josephine Murphy Dillon, mwalimu wa briji aliyekuwa akiheshimiwa mjini New York kabla jina la mumewe halijajulikana. Ely alikuwa mwenye maneno mengi na mipango mikubwa. Josephine alikuwa mtulivu na mwenye subira. Wanafunzi waliosita kumwamini mume walimwamini mke.

Mchezo ulivyogeuka

Briji huchezwa kwa karata zilezile 52 ambazo wazee wa pwani ya Afrika Mashariki wanazijua kwa majina yaliyotoka kwa Wareno: pau, uru, kopa na shupaza. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mmoja hupewa karata 13. Katika kila mzunguko kila mchezaji hutupa karata moja, na aliyetupa kubwa hushinda, isipokuwa turufu ikiingia.

Kabla ya kutupa karata ya kwanza, hufanyika mnada. Kila mchezaji kwa zamu yake hutaja idadi na aina ya turufu, au hupita. Atajaye nne shupaza anaahidi kwamba yeye na mwenzake watashinda mizunguko kumi kati ya 13, kwa kuwa sita za mwanzo hazitajwi. Dau la mwisho ndilo huwa mkataba. Mwenza wa aliyeshinda mnada huzilaza karata zake wazi mezani, na mwenye mkataba huzicheza zote 26 peke yake.

Katika mchezo wa zamani, mizunguko yote uliyoshinda ilihesabiwa, hata ile ambayo hukuiahidi. Kwa hiyo mwerevu alitaja dau dogo na kuvuna zaidi. Mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama, tajiri Harold Vanderbilt aliandika utaratibu mpya wa alama. Kuanzia hapo, ulichoahidi ndicho kinachokufikisha kwenye ushindi. Ukiahidi kidogo, unapoteza zawadi. Ukiahidi kupita kiasi, unalipa faini.

Culbertson alikuwa miongoni mwa walioona mapema maana ya mabadiliko hayo. Mchezo wa kutupa karata ulikuwa umegeuka kuwa pia mchezo wa kusema kweli kwa kipimo.

Lugha ya mezani

Sheria haziruhusu wenza kuonyeshana karata wala kukonyezana. Wana maneno kumi na tano tu: namba moja hadi saba, majina ya aina nne za karata, neno la kucheza bila turufu, neno la kupita, na maneno mawili ya kuzidisha dau maradufu. Kwa maneno hayo wanapaswa kuelezana karata 26.

Culbertson aliipa lugha hiyo sarufi. Alianza kwa kupima nguvu ya mkono. Ree peke yake ilihesabiwa moja. Ree na mfalme wa aina moja, mbili. Ree na malkia, moja na nusu. Mfalme na malkia, moja. Katika karata zote 52 kiasi hicho hakizidi sana nane. Kwa kawaida, mwenye mbili na nusu aliweza kufungua mnada.

Kisha akaweka kanuni ya kwenda hatua kwa hatua. Mchezaji hufungua kwa dau la chini, mwenzake hujibu kwa aina nyingine, na hivyo wanatafuta pamoja mahali pa kukutana. Yako matamko ambayo mwenza haruhusiwi kuyapitia kimya hata kama karata zake ni dhaifu. Anayefungua kwa mbili ya aina yoyote anasema kwamba nguvu alizo nazo zinatosha kufika mbali, na mwenzake hana budi kuendelea kujibu mpaka wafike. Hapo ndipo ulipo ugumu wote: mwenye mkono mtupu lazima aendelee kuzungumza kwa kumwamini asiyeziona karata zake.

Faida ya lugha hiyo haikuishia kwenye mnada. Chukua mwenye mkataba ambaye mwenzake amelaza mezani ree na malkia wa kopa, huku mfalme akiwa kwa mpinzani asiyejulikana. Anaweza kuelekeza kopa ndogo mezani na kujaribu malkia. Ikiwa mfalme yuko kwa mpinzani anayetupa kabla ya meza, malkia hushinda. Ikiwa yuko kwa anayetupa baada ya meza, malkia huliwa. Kwa asiye na habari yoyote, hiyo ni bahati nasibu.

Lakini tuseme mpinzani anayetupa baada ya meza ndiye aliyefungua mnada. Alikwisha kutangaza nguvu ya mbili na nusu, na hesabu ya karata zilizotupwa inaonyesha kwamba hawezi kuifikia bila yule mfalme. Mchezaji hodari basi hamjaribu malkia. Huondoa kwanza karata ambazo mpinzani huyo angejinasua nazo, kisha humwachia ashinde mzunguko mwingine ili alazimike kuanza kopa yeye mwenyewe. Meza ikitupa mwisho, ree na malkia hushinda wote wawili. Neno lililosemwa katika mnada limemsaliti aliyelisema.

London na New York

Oktoba 1929, mwezi ambao soko la hisa la New York lilianguka, Culbertson alianzisha jarida la The Bridge World, ambalo bado linachapishwa. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kikubwa cha kanuni, nacho kikauzwa kwa wingi wakati watu walikuwa wakibana matumizi. Karata zilikuwa burudani ya bei nafuu; jirani wawili na jirani wawili walitosha kuimaliza jioni.

Septemba 1930 alivuka bahari kwenda London. Luteni Kanali Walter Buller wa Uingereza alikuwa amedai kwamba kanuni hizo ni mapambo yasiyo na faida, na kwamba Mwingereza anayetaja dau kwa akili ya kawaida angezishinda. Ely na Josephine, pamoja na Theodore Lightner na Waldemar von Zedtwitz, walicheza migao 200 katika klabu ya Almack's. Walishinda kwa alama 4,845.

Ushindi huo uliwatia hofu walimu wakubwa wa Marekani. Mwaka 1931 waliungana na kutangaza kanuni zao wenyewe kuwa ndizo rasmi. Culbertson alimtaka Sidney Lenz, mmoja wa wachezaji walioheshimika zaidi nchini, washindane michezo kamili 150. Aliweka dola 5,000 dhidi ya 1,000 za Lenz, kwa makubaliano kwamba fedha hizo zingekwenda kwa wahitaji. Mwamuzi alikuwa luteni wa jeshi, Alfred Gruenther, ambaye miaka ya 1950 alikuwa jenerali na kamanda mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya.

Mwanzoni Lenz alitangulia. Culbertson alichelewa kufika, alikula mezani na kuwaudhi wapinzani. Josephine alicheza kimya. Lenz, aliyekuwa na miaka 58, alikuwa amemchagua Oswald Jacoby, kijana wa miaka 29 mwenye kipaji kikubwa. Jacoby alipenda kutaja madau ya uongo ili kuwachanganya wapinzani. Tatizo ni kwamba yalimchanganya pia mwenzake, ambaye baada ya muda hakujua tena lini amwamini.

Katika mchezo wa 103 Lenz alimlaumu Jacoby kwa namna alivyoutetea mgao mmoja. Jacoby alijiondoa, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Pambano lilipomalizika Januari 1932 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, upande wa Culbertson ulikuwa mbele kwa alama 8,980. Karata kubwa zilikuwa zimegawanyika karibu sawa kati ya pande mbili. Kilichotofautiana ni jinsi wenza walivyosikilizana.

Meza na nyumba

Kwamba briji ingeweza kuvunja nyumba, Marekani ililijua hilo tayari. Septemba 1929, huko Kansas City, Myrtle Bennett alimpiga risasi na kumuua mumewe John baada ya ugomvi ulioanzia kwenye mkataba wa nne shupaza ambao mume alishindwa kuutimiza. Mwaka 1931 mahakama ilimwachia huru. Culbertson aliandika juu ya kisa hicho katika jarida lake, akijua kwamba kila mume na mke waliowahi kucheza pamoja wangekisoma.

Yeye na Josephine walionekana kuwa mfano wa kinyume chake. Walikuwa na watoto wawili, jina moja na kazi moja. Lakini kazi hiyo ilikuwa imeila nyumba. Juni 1937 walicheza pamoja mjini Budapest katika mashindano ya kuwania ubingwa wa dunia, na wakashindwa na timu ya Austria iliyoongozwa na Dkt. Paul Stern. Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea. Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na Stern akakimbilia London. Na Ely na Josephine wakapeana talaka.

Mkataba wa mataifa

Kuanzia hapo Culbertson aliipa karata kisogo. Mtu ambaye mapinduzi yalimnyang'anya urithi, na ambaye aliyemshinda Budapest alikuwa sasa mkimbizi, alielekeza akili yake kwenye swali la vita. Mwaka 1943 alichapisha kitabu juu ya amani ya kudumu. Alipendekeza shirikisho la dunia lenye jeshi lake. Kila taifa kubwa lingepewa sehemu yenye kikomo, na mataifa madogo yangekuwa na kikosi cha pamoja, ili asiwepo mmoja wa kuwatawala wengine.

Wazo lilikuwa lilelile la mezani: ahadi iliyopimwa, na kanuni ya kumlazimisha mwenza asinyamaze wakati wa hatari. Wapo walioupokea mpango huo kwa uzito. Wengi waliona ni ndoto ya mcheza kamari. Mezani, aliyevunja ahadi alilipa faini papo hapo na wote wakaona. Kati ya mataifa, hakuna aliyekubali kuwa mwamuzi wala kumtii.

Kwenye briji nako wakati ulimpita. Charles Goren alieneza njia nyepesi ya kuhesabu, ambamo ree ni alama nne, mfalme tatu, malkia mbili na ghulamu moja, na wachezaji wakaihamia. Hata hivyo sarufi ya Culbertson ya kwenda hatua kwa hatua ilibaki ndani ya kanuni zilizofuata, na mwaka 1964 jina lake liliwekwa pamoja na ya Goren na Vanderbilt katika orodha ya kwanza ya wachezaji wa kuenziwa wa mchezo huo.

Ely Culbertson alifariki dunia tarehe 27 Disemba 1955 huko Brattleboro, katika jimbo la Vermont, akiwa na miaka 64. Josephine, mwenza aliyeketi mbele yake London, New York na Budapest, alimfuata Machi 1956, kabla miezi mitatu haijatimia.