Padri Benito Viñes, Msomaji wa Mawingu

Ndugu wakatekumeni, mwezi wa Julai huku Moba kila mtu hutafuta jua la asubuhi. Upepo wa kusini huvuma ziwani, na juu ya Kirungu na milima ya Marungu baridi hukaza. Mvuvi, kabla ya kusukuma mtumbwi wake majini, hutazama mbingu kwanza. Hakufundishwa shuleni habari za hewa, lakini ajua ya kuwa wingu ni mjumbe. Leo nataka kuwasimulia maisha ya padri mmoja aliyejifunza kwa bidii kuusikiliza ujumbe huo, apate kuwaonya watu wasiangamie. Ndiye Padri Benito Viñes wa Shirika la Yezu.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1837 huko Poboleda, kijiji cha Katalunya katika nchi ya Hispania. Mwaka 1856 aliingia Shirika la Yezu. Mwaka 1868 machafuko makubwa yalitokea Hispania, na watawala wapya wakawafukuza Wajezuiti. Benito akakimbilia Ufaransa. Baadaye, akiwa padri, alitumwa ng'ambo ya bahari hata kisiwa cha Kuba, akafika mwaka 1870. Katika mji wa Havana Wajezuiti walikuwa na shule iliyoitwa Belén, maana yake Betlehemu, na hapo palikuwa na nyumba ya kuchunguza hewa. Padri Viñes akawekwa kuwa mkubwa wa nyumba hiyo.

Kisiwa kile kina adui wa kutisha, ndiyo tufani. Ni upepo mkali uzungukao, utokao baharini. Hung'oa miti, huezua nyumba, huzamisha merikebu pamoja na watu wake. Siku zile tufani ilikuja kama mwizi. Watu waliiona ilipokwisha kuingia mlangoni.

Padri Viñes hakutafuta siri wala uganga. Kwanza alisoma maandishi ya wale waliomtangulia, na magazeti ya zamani, na taarifa za manahodha. Kisha akatazama mbingu mwenyewe, mara nyingi kila siku, tangu alfajiri hata usiku. Aliandika upepo unatoka wapi, uzito wa hewa umepungua au umezidi, mawingu ni ya namna gani, nayo yanakwenda upande gani.

Hapa yafaa tuyajue mawingu kwa majina yao. Mwaka 1802 Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, aliyapa majina ya Kilatini. La kwanza ni cirrus, maana yake kishungi cha nywele. Ni mawingu meupe, membamba kama manyoya ya ndege, nayo yako juu sana, hata maji yake yamekuwa chembe za barafu. La pili ni cumulus, maana yake lundo. Hufanana na malundo ya pamba, chini yake tambarare, juu yake mviringo. La tatu ni stratus, maana yake kilichotandazwa. Ni kama shuka la kijivu lililotandwa chini chini, jinsi tunavyoliona likifunika milima asubuhi za baridi. Tena wingu lenye kuleta mvua aliliita nimbus. Lundo likizidi kupanda, kichwa chake kikatanuka kama fuawe ya mhunzi, basi radi imekaribia. Mvuvi na arudi pwani.

Padri Viñes aliona jambo ambalo wengi walilitazama bila kulifahamu. Tufani ikiwa bado mbali, na jua lingali likiwaka, vishungi vya cirrus hutokea juu. Vyote hutawanyika kutoka mahali pamoja, kama mbavu za kipepeo cha kupepea moto. Mahali vinapokutana, upande huo ndiko tufani iliko. Tena alitambua ya kuwa mawingu ya chini huvutwa kuelekea katikati ya tufani, na yale ya juu kabisa hutoka nje. Kwa hiyo, akiyalinganisha ya juu na ya chini, aliweza kukisia tufani iko wapi na inakwenda wapi.

Tarehe 11 Septemba 1875 alitangaza katika magazeti ya Havana kwamba tufani inakuja. Siku zilizofuata ilipiga Kuba kweli. Kisha ikavuka bahari, na tarehe 16 ikaubomoa mji wa Indianola katika nchi ya Texas. Tangu hapo mabaharia walianza kungojea neno lake kabla ya kutweka matanga. Tufani nyingine zilipokwisha kupita mwaka 1876, hakukaa nyumbani akisifiwa. Alisafiri kuona miti ilikoangukia na nyumba zilivyobomoka, ajifunze zaidi. Mwaka 1877 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Baadaye akapata wasaidizi katika visiwa vingine, waliompelekea habari kwa simu ya waya.

Alifanya kazi hiyo miaka 23. Siku chache baada ya kumaliza kitabu chake cha mwisho, alifariki Havana tarehe 23 Julai 1893. Mwaka huo huo Mapadri Weupe walianza misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu yetu.

Kwetu tufani kama zile hazifiki, maana tuko ndani ya bara. Lakini dhoruba za ziwa letu huua watu, na radi pia huua. Na hapa, ndugu, tuna kosa kubwa. Katika vijiji vingine, radi ikimwua mtu, watu humtafuta bibi kizee maskini, wakamshitaki ya kuwa ndiye aliyeituma. Humpiga na kumfukuza, na pengine humwua. Mkatekumeni akinyamaza mbele ya uovu huo, atakuja kisimani pa ubatizo na mikono gani? Radi hutoka katika wingu, na wingu hufuata sheria aliyoiweka Mungu. Padri Viñes aliitafuta sheria hiyo, hakumtafuta mtu wa kumlaumu.

Tukumbuke mtumishi wa nabii Elia. Alitumwa mara saba kutazama upande wa bahari, na mara ya saba tu akaona kiwingu kidogo. Tukumbuke pia Bwana wetu Yezu Kristu, aliyewakemea watu waliojua kupambanua uso wa mbingu, wasijue wakati wa kujiliwa kwao na Mungu. Basi tutazame mawingu kwa akili, tuwalinde jirani zetu wasio na hatia, wala tusiahirishe toba mpaka kesho. Mvuvi mwenye busara hangoji wimbi liingie mtumbwini ndipo ageuke pwani.