Archibald McIndoe: Mpasuaji wa mikono iliyojikunja aliyeacha mbegu Afrika Mashariki

MKONO ndio mtaji wa kwanza wa mkazi wa Khayega. Kwa mkono hushika jembe, hukata miwa, hukamua ng'ombe na kupima mahindi kwa gorogoro katika soko lililo kando ya barabara kuu ya Kakamega kuelekea Kisumu. Kwa kiganja cha mkono huo huo hupigwa Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo shirika la UNESCO liliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Kwa hivyo mtu anapoambiwa na daktari kwamba vidole vyake vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, na kwamba huenda visinyooke tena vyenyewe, habari hiyo haiishii mkononi. Huigusa riziki yake, heshima yake na usingizi wake.

Ugonjwa huo huitwa Dupuytren, kwa jina la mpasuaji Mfaransa Guillaume Dupuytren, aliyezaliwa mwaka wa 1777 na kufariki mwaka wa 1835. Mwaka wa 1831, katika hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris, Dupuytren aliupasua mkono uliojikunja, akaonyesha kuwa kano za vidole hazikuwa na kosa. Kilichoharibika ni utando mgumu ulio chini ya ngozi ya kiganja. Utando huo hunenepa, hufanya vinundu, kisha hugeuka kuwa kamba zinazovivuta vidole, hasa kidole cha pete na kile cha mwisho.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume waliovuka umri wa miaka 50, na umeenea sana katika mataifa ya kaskazini mwa Ulaya. Miongoni mwa Waafrika ni nadra, lakini upo. Hurithiwa katika baadhi ya jamaa, na huandamana mara nyingi na kisukari, uvutaji wa sigara na unywaji mwingi wa pombe.

Hata hivyo, yuko mtu mwingine ambaye maisha yake yana mengi ya kumfunza anayepokea habari kama hiyo. Huyo ni Archibald McIndoe, mpasuaji aliyeshughulikia mikono iliyokunjwa na moto pamoja na ile iliyokunjwa na ugonjwa, na ambaye jina lake limefungamana na historia ya tiba katika Kenya na Tanzania.

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900, katika mji wa Dunedin nchini New Zealand. Baba yake, John, alikuwa mpiga chapa, na mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji. Waliomfahamu baadaye walizoea kusema kuwa jicho lake la kupima umbo la uso lilitoka kwa mama. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, na baada ya kuhitimu akapata ufadhili wa kwenda kwenye Kliniki ya Mayo nchini Marekani, ambako alijifunza upasuaji wa tumbo na ini.

Mwaka wa 1930 alihamia London akiwa na mke na matumaini makubwa, lakini hakukuta kazi. Aliyemwokoa ni jamaa yake, Harold Gillies, naye mzaliwa wa New Zealand, aliyekuwa amepata sifa kwa kutengeneza nyuso za askari walioumia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Gillies ndiye aliyemwingiza katika upasuaji wa kurekebisha maumbile, fani ambayo wakati huo wapasuaji wengi waliiona kuwa jambo la pembeni. Mwaka wa 1938 McIndoe aliteuliwa kuwa mshauri wa fani hiyo katika Jeshi la Anga la Uingereza. Vita vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wanne tu wa aina yake.

Alipelekwa katika Hospitali ya Queen Victoria, katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London. Mwaka uliofuata, wakati wa mapambano ya angani juu ya Uingereza, vijana walianza kuletwa wakiwa wameungua kiasi ambacho madaktari hawakuwa wamezoea kukiona. Matangi ya mafuta ya ndege za Hurricane na Spitfire yalikuwa mbele ya rubani. Tangi lilipopigwa risasi, moto ulimrukia usoni na mikononi. Wengi wao hawakuwa wametimiza miaka 25.

Tiba iliyotumika wakati huo ilikuwa kupaka asidi ya taniki juu ya kidonda. Asidi hiyo ilikaza jeraha likawa gamba gumu. Kwa kidonda kidogo cha mguuni pengine haikudhuru sana, lakini kwenye vidole na kope ilikuwa balaa. Gamba lilipokaza lilivuta kila kitu, vidole vikajikunja kama kucha za mwewe, na kope zikashindwa kufunga macho. McIndoe aliipinga waziwazi, akabishana na wakubwa zake hadi matumizi yake kwenye uso na mikono yakakomeshwa.

Badala yake alitumia maji ya chumvi. Ilikuwa imeonekana kwamba marubani walioangukia baharini walipona vyema kuliko walioangukia nchi kavu. Basi akaamuru wagonjwa walazwe katika bafu la maji ya chumvi yenye joto la wastani, bandeji zikalowa na kutoka bila kuchuna nyama, na viungo vikaweza kusogezwa kabla havijakakamaa. Dawa hiyo haikuhitaji kiwanda kikubwa. Ilihitaji mtu aliyetazama kwa makini na kukubali alichokiona.

Baada ya hapo ilianza safari ndefu ya upasuaji. Ngozi ilichukuliwa mahali pazima ikapandikizwa palipoungua. Pua mpya ilitengenezwa kwa ngozi iliyoviringwa kama mrija, ikaachwa imeshikana na bega au kifua kwa majuma hadi iote mahali pake papya. Wako waliopasuliwa mara 10, mara 20 na zaidi. Kati ya upasuaji mmoja na mwingine kulikuwa na miezi ya maumivu na ya kungoja.

Hapo ndipo McIndoe alipowapita wengi wa wakati wake. Alitambua kwamba mgonjwa wa miezi mingi hawezi kutibiwa kwa kisu pekee. Katika Wadi ya Tatu aliondoa amri nyingi za kijeshi. Wagonjwa waliruhusiwa kuvaa sare zao badala ya nguo maalumu za hospitali, maafisa na askari wa kawaida walilala pamoja, na pipa la bia liliwekwa wodini. Mgonjwa aliruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji kumtazama mwenzake akipasuliwa, ili ajue litakalomfika yeye kesho. Kwa namna hiyo hofu ilipunguzwa kwa kuambiwa ukweli.

Aliwaendea pia wenyeji wa East Grinstead, akawaomba wawakaribishe vijana hao majumbani, mikahawani na katika sinema bila kuwakodolea macho wala kugeuza nyuso. Mji ukaitikia, na hata leo hukumbukwa kuwa mji ambao watu wake hawakukodoa macho.

Mwaka wa 1941 wagonjwa waliunda chama chao, Klabu ya Guinea Pig, kwa jina la simbilisi, mnyama mdogo wa majaribio ya maabara. Walimchagua mweka hazina ambaye miguu yake ilikuwa imeungua ili asiweze kutoroka na fedha, na katibu ambaye vidole vyake viliungua ili asiandike kumbukumbu ndefu za mikutano. Vita vilipokwisha klabu ilikuwa na wanachama 649. Utani huo ulikuwa sehemu ya tiba. Mtu aliyeweza kucheka kuhusu mikono yake pamoja na wenzake hakuwa tena mfungwa wa mikono hiyo.

Si kila hadithi ilimalizika vyema. Geoffrey Page, aliyeungua vibaya mikononi Agosti 1940 akiwa na umri wa miaka 20, alirejea kurusha ndege za kivita na akaishi hadi mwaka wa 2000. Lakini Richard Hillary, mwandishi wa kitabu The Last Enemy kilichotoka mwaka wa 1942, alirejea angani akiwa na mikono ambayo haikuwa imepata nguvu ya kutosha. Januari 1943 ndege yake ilianguka usiku wakati wa mazoezi, akafa pamoja na mwenzake. Vijana hao wawili walikuwa na ari ile ile. Kupima ni lini mkono umepona vya kutosha, na ni lini mtu ajikubali alivyo, ni kazi ngumu kuliko kushona ngozi, na hata McIndoe hakuwa na kipimo kisichokosea.

Wala McIndoe mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kujiamini kupita kiasi, na kazi ilimla. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, akaoa tena mwaka wa 1954. Hata hivyo wagonjwa waliendelea kumwita Bosi kwa mapenzi hadi mwisho. Mwaka wa 1947 alitunukiwa hadhi ya Sir.

Baada ya vita aligeukia pia mikono iliyokunjwa na maradhi. Mwaka wa 1958, yeye na mwenzake wa East Grinstead, Robin Beare, walichapisha katika jarida la upasuaji nchini Marekani makala kuhusu namna ya kuutibu ugonjwa wa Dupuytren kwa kisu. Walieleza jinsi ya kukata kiganja kwa mkato wa kukingama, na vidole kwa mikato ya mshazari mfano wa herufi Z, ili kovu lenyewe lisije likavikunja vidole upya. Fundi aliyefunzwa na moto alikuwa amejua kwamba kovu baya laweza kuwa ugonjwa wa pili.

Wakati huo huo moyo wake ulikuwa umevutwa na Afrika Mashariki. Alijiingiza katika kilimo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika Tanganyika ya wakati huo. Huko alikuwa na rafiki, Michael Wood, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kenya na ambaye alijifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile chini yake. Wa tatu wao alikuwa Thomas Rees, mpasuaji kutoka Marekani, naye mwanafunzi wa East Grinstead.

Mwaka wa 1956, chini ya mlima huo, watatu hao walizungumzia hali waliyoiona. Hospitali za misheni na za serikali zilitawanyika mbali, barabara zilikuwa mbovu, na mtoto aliyeangukia moto wa jikoni angeweza kukua na mkono ulioshikana na kifua kwa kukosa mpasuaji mmoja. Wazo lao likawa kumpeleka mpasuaji kwa mgonjwa kwa ndege. Mwaka wa 1957 shirika lilianzishwa jijini Nairobi, nalo ndilo lililokuja kujulikana kama AMREF, wale Madaktari wa Ndege. Leo huitwa Amref Health Africa.

McIndoe hakuishi kuuona mti huo ukikua. Alifariki usingizini jijini London Aprili 1960, akiwa amebakisha majuma machache kutimiza miaka 60. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la St Clement Danes, kanisa la Jeshi la Anga, heshima ambayo raia wa kawaida hapewi. Wood aliiendeleza kazi kwa miaka mingi, akafariki mwaka wa 1987. Mwaka wa 2014 sanamu ya McIndoe ilizinduliwa East Grinstead. Aliyeichonga, Martin Jennings, ni mtoto wa mmoja wa askari waliotibiwa naye.

Je, maisha hayo yanamwambia nini mtu wa Khayega aliyetoka kupewa habari za mkono wake?

Kwanza, ajue ugonjwa ulivyo. Dupuytren si saratani, si ulozi, wala hauambukizi. Mara nyingi huenda polepole kwa miaka, na wengine hawahitaji upasuaji kamwe. Kipimo rahisi ni kuweka kiganja juu ya meza. Kisipoweza kulala bapa, wakati umefika wa kuonana na mpasuaji. Daktari aweza kuikata kamba kwa sindano au kuiondoa kwa kisu, kisha mazoezi ya vidole hufuata. Ugonjwa waweza kurudi, na ni vyema mgonjwa aambiwe hivyo mapema. Apimwe pia kisukari.

Pili, maumivu yasipuuzwe. Vinundu vya Dupuytren huuma kwa baadhi ya watu, hasa mwanzoni, lakini ugonjwa huu kwa kawaida hauna maumivu makali. Mkono unaouma usiku na mchana kwa miezi huenda una tatizo jingine pamoja nao, kama vile baridi yabisi au mshipa wa fahamu uliobanwa, na unastahili kuchunguzwa upya badala ya kunyamazishwa kwa vidonge vya dukani.

Tatu, mgonjwa asiufiche mkono mfukoni. Walioungua walipata nafuu miongoni mwa wenzao, mbele ya mji uliowatazama kama watu. Jirani anayemshika mkono mwenzake mwenye vidole vilivyojikunja, na kumsalimu kama alivyomsalimu jana, anafanya sehemu ya kazi ambayo McIndoe aliwaomba raia wa East Grinstead waifanye.