Misiani na Saa Mbili za Sheria

Marehemu Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, mkoani Mara, Tanzania, ila sisi wakazi wa Manyatta tulimhesabu kuwa wa Kisumu. Alivuka mpaka akiwa kijana, na bendi yake, baada ya kubadili jina mara kadhaa, ikavuma kote kwa jina la Shirati Jazz. Gita lake la benga lilikwenda mbio. Maneno yake, kwa Kijaluo, yalikwenda kwa mafumbo yaliyowasuta wakubwa, na mafumbo hayo yalimtia mashakani zaidi ya mara moja. Mimi humweka miongoni mwa malenga, ingawa wapo watakaonicheka. Ajali ya barabarani ilimchukua tarehe 17 Mei 2006.

Nyimbo zake hazikuzikwa naye. Ukishika njia ya Kondele utazisikia vibandani hadi leo, zimenakiliwa kutoka santuri hadi kanda, kutoka kanda hadi simu. Je, ni mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ina saa mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Tungo za Misiani, basi, zina ulinzi hadi mwisho wa 2056. Saa ya pili ni ya rekodi. Hiyo huhesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodiwa, mwimbaji awe hai au kaburini. Rekodi ya mwaka 1970 ilitoka ulinzini 2020 ilipokwisha. Lakini mfanyabiashara anayedhani kwamba sasa amepewa wimbo bure amepotoka. Sauti ile imeachwa huru, utunzi bado. Warithi wangali wanamdai.

Wapo wanaotaka tuige Uingereza, ambako utunzi hulindwa miaka 70 baada ya kifo. Siafiki. Miaka 50 yatosha kumtunza mjane na kusomesha hata wajukuu, mradi fedha ziwafikie. Usipolipwa katika 50, ishirini za nyongeza zitakufaa nini?

Ombi langu kwa Bunge ni dogo zaidi: kila rekodi ya zamani inayouzwa upya ibebe jina la mtunzi na mwaka wa kurekodiwa. Santuri nyingi za benga hazikuandikwa mwaka, na pasipo mwaka saa ya pili haisomeki.