De Havilland, Aliyeficha Injini Mbawani

Kila nipitapo Kitengela niendapo Kajiado, huzitazama ndege za Embakasi, injini zimening'inia chini ya mbawa kama vibuyu, nikamkumbuka Mwingereza Geoffrey de Havilland, aliyezaliwa 1882.

Kiwanda chake ndicho kilichounda Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti, iliyoruka tarehe 27 Julai, 1949, siku alipotimiza miaka 67. Injini zake nne zilifichwa ndani ya mbawa, umbo likawa laini mithili ya samaki. Mwaka 1952 ilianza safari za London na Johannesburg, ikitua Entebbe. Mwaka 1954 mbili zilipasuka juu ya bahari ya Italia; kosa halikuwa la injini, bali bati la kiwiliwili lilichoka. Ikaundwa upya, na mwaka 1960 shirika letu la Afrika Mashariki likaanza kuirusha.

Lakini injini ya kufichwa humtaabisha fundi, na ikipasuka hujeruhi bawa. Boeing wa Marekani wakazitundika nje, wakalishika soko.

De Havilland alifariki 1965. Wanawe wawili walikuwa wamekufa wakirusha ndege zake, 1943 na 1946. Msomaji, Comet haikuwa uzuri wa mkakasi. Uzuri wake uligharimiwa.