Karl Schwarzschild, Mpimaji wa Nuru ya Nyota

Siku moja mwalimu wetu wa fizikia alitueleza sisi wa S.3 habari za mashimo meusi ya mbinguni, ambamo uzito mkubwa umesongamana mahali padogo hata nuru haiwezi kutoka. Nikainua mkono nikauliza kwa nini basi huonekana nuru baada ya nyota zilizokufa kugongana. Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka, bali aliniagiza nikasome maisha ya Karl Schwarzschild kwanza, kisha nirudi kwake. Haya ndiyo niliyoyapata.

Schwarzschild alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1873 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Alikuwa kifungua mimba. Alipokuwa mtoto wa shule aliweka akiba ya vijisenti vyake akanunua lenzi ili ajitengenezee darubini. Alipofika umri wa miaka 16 alikuwa amekwisha andika makala mbili juu ya njia za nyota mbili zinazozungukana, nazo zikapigwa chapa katika gazeti la wataalamu. Nilipoyasoma hayo niliona haya, maana mimi nami nina miaka 16.

Alisoma Strasbourg na Munich, akapata shahada ya udaktari mwaka 1896. Kisha akaenda Vienna kufanya kazi katika nyumba ya darubini. Siku zile wengi walikisia mwanga wa nyota kwa macho tu. Yeye alitumia vioo vya kupigia picha. Aliisogeza picha kidogo ili nyota itoke kama doa pana, si nukta, halafu akapima weusi wa doa lile. Kwa njia hiyo aliweza kujua nyota gani inazidi kung'aa na ipi inafifia. Mwaka 1901 alipewa kazi ya uprofesa Göttingen, hajatimiza miaka 30, na mwaka 1909 akawa mkuu wa nyumba ya darubini ya Potsdam.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 hakuna aliyemlazimisha kwenda, kwa kuwa alikuwa mtu mzima wa miaka 40 mwenye cheo na watoto. Lakini alijitolea. Alipima hali ya hewa Ubelgiji, akapiga hesabu za mizinga Ufaransa, akapelekwa pia upande wa Urusi. Mwezi wa Novemba 1915 Einstein alitoa kanuni zake mpya za mvutano. Kabla ya mwaka kwisha Schwarzschild, akiwa bado vitani, alikuwa amezifumbua kwa habari ya nyota moja iliyo mviringo, akampelekea Einstein hesabu hizo kwa barua. Ndani yake mna kipimo ambacho leo chaitwa kwa jina lake. Kama Jua lote lingebanwa mpaka nusu ya upana wake iwe kilometa 3 tu, nuru yake isingeweza kutoka. Kwa Dunia yetu ni chini ya sentimeta 1. Maana ya kipimo hicho ilifahamika sawasawa miaka mingi baada yake.

Huko vitani alipatwa na ugonjwa mbaya wa malengelenge ya ngozi. Alirudishwa nyumbani, akafariki tarehe 11 Mei 1916, mwenye umri wa miaka 42. Mwanawe Martin alikuwa hajatimiza miaka minne. Hapa ndipo nilipohuzunika. Nchi ile ile aliyoifia baba, haikupita miaka 20 ikawageukia Wayahudi wake chini ya Hitler, na Martin akalazimika kuihama. Mwishowe alifika Marekani, naye akawa mtaalamu mashuhuri wa nyota.

Nilirudi kwa mwalimu na daftari langu, naye akanikamilishia jibu. Tarehe 17 Agosti 2017, vyombo vya Marekani na Italia vilisikia mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizozungukana mpaka zikagongana, mbali nasi kadiri ya miaka milioni 130 ya mwendo wa nuru. Baada ya saa 11 hivi, darubini moja huko Chile iliipiga picha nuru yenyewe. Kwanza ilikuwa ya buluu, kisha baada ya siku chache ikawa nyekundu, ikafifia. Nuru ile haikutoka katika shimo. Ilitoka katika mavumbi yaliyorushwa nje, ambamo madini mazito kama dhahabu yalizaliwa, na kule kuoza kwa chembe zake ndiko kulikoyapa joto. Shimo likiimeza nyota nzima bila kuirarua, nuru ya namna hiyo haitazamiwi.

Ndugu wanafunzi, shule yetu haina darubini, na mara nyingi nimelalamika kwa ajili hiyo. Silalamiki tena. Yule bwana alikuwa na karatasi, kalamu na mlio wa mizinga. Lakini najiuliza, je, angalibaki Potsdam na vioo vyake, angaliona mangapi? Kila mmoja wetu na afikiri kabla hajaitoa akili yake kwa kazi ya kuua watu.