Karl Sax na Uzito wa Maharagwe

Mwaga maharagwe ya rangi mbalimbali katika ungo, kisha uyatenge meupe na yasiyo meupe. Kazi hiyo ni nyepesi. Sasa jaribu kuyatenga makubwa na madogo. Bila shaka utakwama, kwa maana kati ya punje kubwa na ndogo kuna nyingine nyingi, kila moja ikiizidi nyingine kidogo tu. Mtaalamu mmoja aliyechunguza jambo hilo alikuwa Karl Sax.

Sax alizaliwa mwaka 1892 mjini Spokane, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea kilimo, na mwaka 1920 akaanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Maine.

Wakati huo wataalamu walikwisha kujua kwamba ndani ya seli mna nyuzi nyembamba mno ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizo huwa mbili mbili. Juu yake zimepangwa jeni, yaani chembe za urithi, mfano wa shanga katika uzi. Jeni zilizo jirani mara nyingi hurithiwa pamoja.

Jeni moja yatosha kuamua kama punje itakuwa nyeupe au la. Lakini uzito huongozwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Udongo na mvua navyo huchangia. Basi mkulima aliyetaka punje nzito alichagua mbegu kwa kukisia. Je, mahali pa jeni za uzito pangejulikanaje?

Sax aliitumia rangi kama alama. Alichavusha maharagwe ya punje kubwa zenye rangi na yale ya punje ndogo nyeupe. Kisha akapima punje za wajukuu wa mimea hiyo. Katika mimea yenye jeni mbili za rangi, uzito wa punje 100 ulikuwa kama gramu 31. Katika mimea yenye jeni moja ya rangi, ulikuwa gramu 28. Katika mimea isiyo nayo kabisa, ulikuwa gramu 26.

Unaona? Uzito ulifuatana na rangi. Hivyo Sax alitambua kwamba karibu na jeni ya rangi, katika uzi ule ule, pana sehemu inayoongoza uzito. Aliyatangaza matokeo hayo mwaka 1923.

Baadaye Sax alifanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Harvard, akafariki mwaka 1973. Siku hizi wataalamu hutumia alama nyingi zilizomo katika kromosomu zenyewe, wakatafuta sehemu zinazoongoza mavuno ya mpunga na mahindi, na maziwa ya ng'ombe.

Nawe, mwanafunzi, usidharau jambo dogo linaloonekana. Huenda likakuonyesha lile lisiloonekana.