Antonius Mathijsen (1805–1878)

Ukifika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, hutakosa kumwona mgonjwa aliyefungwa hogo. Unga wake hutokana na jasi, jiwe linalochimbwa pia Makanya, wilayani Same. Aliyeugeuza unga huo kuwa bendeji ni Mholanzi, Antonius Mathijsen.

Mathijsen alizaliwa Budel tarehe 4 Septemba 1805, mtoto wa daktari wa kijiji, naye akawa daktari wa jeshi. Fikiria kazi yake: askari amevunjika mguu, anasafirishwa kwa mkokoteni, na mfupa usiposhikwa imara huenda mguu ukakatwa. Bendeji za wanga zilizotumika wakati huo zilichukua siku mbili tatu kukauka. Wengine walimimina plasta ndani ya sanduku lenye mguu. Iliganda vizuri, ila mgonjwa hakuweza kutoka kitandani.

Mwaka 1851, akiwa Haarlem, Mathijsen alisugua unga mkavu wa plasta kwenye vitambaa vya pamba, akavilowesha na kuvizungusha kwenye kiungo. Viliganda kwa dakika chache. Mwaka 1852 alichapisha njia yake.

Kwa nini ilifaulu? Jasi ikichomwa hupoteza robo tatu ya maji yake. Ukiirudishia maji, hutoa joto na kujenga fuwele zilizoshikana. Lakini fuwele peke yake hazitoshi. Chukua chaki, ambayo mara nyingi nayo ni jasi: ukiigandamiza kwa ncha zake inastahimili, ukiipinda inakatika ghafla, na ufa huanzia upande unaovutwa. Nyuzi za pamba ndizo zinazobeba mvuto huo. Hata hivyo hogo hupasuka, hasa penye kiungo kama kifundo cha mguu.

Hapa watahiniwa wengi hukosea: kuganda si kukauka. Hogo lililoganda bado lina maji mengi, na likiwa bichi nguvu yake ni ndogo sana. Hogo nene huhitaji siku mbili au tatu. Mgonjwa akilikanyagia mapema, linavunjika na mfupa unahama.

Mathijsen alifariki Hamont, Ubelgiji, tarehe 15 Juni 1878. Chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa KCMC mwaka 1981, hufundisha mafundi wa viungo bandia. Bendeji za plasta huzungushwa kwenye kigutu ili kupata umbo la mguu utakaotengenezwa.